Rafiki Aliyeomba Fimbo za Mwenziwe

Mvua inyeshapo juu ya vilima vya nchi ya Bunia, maji yake hushika njia mbili. Yale yaangukayo upande wa mashariki hushuka mpaka Ziwa Albert, huingia katika mto Nili, nayo husafiri siku nyingi hata bahari ya Mediteranea. Yale yaangukayo upande wa magharibi hukusanywa na vijito na mto Shari, hufika Ituri, hupita msitu mkubwa ambako mto hubadili jina na kuitwa Aruwimi. Kisha mahali paitwapo Basoko hujitupa katika mto Kongo, uendao mpaka bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyoanguka pamoja juu ya kilima kimoja hufika katika bahari mbili mbalimbali.

Tone la maji halichagui njia yake. Mwanadamu huchagua, na mara nyingi huchagua wenzi wa safari kabla ya kuijua njia yenyewe. Kwa hiyo ni vema wakatekumeni wasikie habari za watu fulani waliosafiri pamoja katika mto Kongo zamani, kwa maana ndani ya habari hizo mna fundisho kubwa juu ya dhambi na juu ya wokovu.

WATU WA MASHUA

Mwezi wa Novemba 1874 msafara wa watu zaidi ya 300 ulitoka Unguja na kuvuka kwenda Bagamoyo. Kiongozi wao alikuwa Stanley. Wengi wa wapagazi na askari walikuwa Waungwana, ndio watu wa Unguja na pwani wasemao Kiswahili. Walichukua mashua moja iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili ipate kubebwa mabegani katika nchi kavu na kuungwa tena majini. Nahodha wa mashua hiyo alikuwa kijana mmoja, jina lake Uledi.

Tarehe 5 Novemba 1876 waliondoka Nyangwe, pamoja na Tippu Tip na watu wake. Mwisho wa mwezi wa Desemba Tippu Tip alirudi nyuma, nao wakabaki peke yao juu ya mto mkubwa, katika mashua yao na mitumbwi. Hawakujua mto ule wawapeleka wapi. Safari yao haikuwa ya amani: damu ya wenyeji wa kandokando ya mto ilimwagika, na njia iliyofunguliwa siku zile ilipitiwa baadaye na utawala mkali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mambo hayo yasifichwe. Lakini hata katika safari iliyojaa ukali, Mungu hakukosa kuweka mahali ambapo upendo ulionekana.

MTU JUU YA JIWE

Mwezi wa Januari 1877 walifika kwenye maporomoko saba ya Boyoma, juu ya mahali ulipo mji wa Kisangani leo. Siku moja mtumbwi mmoja ulishindwa na nguvu ya maji. Wawili waliokolewa, lakini wa tatu, jina lake Zaidi, alichukuliwa na mto. Mtumbwi ukapasuka juu ya jiwe katikati ya poromoko, naye akashikilia pale, maji yakinguruma kila upande, wala asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Wenziwe walisimama ukingoni wakamtazama. Walijaribu hili na lile, wakashindwa. Mwisho walifunga mtumbwi kwa kamba ili uteremshwe polepole kumwelekea. Lakini ilipasa watu wawili waingie ndani yake na kupiga makasia. Watu wakanyamaza, kwa maana kila mmoja aliyapenda maisha yake. Ndipo Uledi akatoka, akakubali kwenda. Kijana mwingine wa mashua, Marzouk, akamfuata. Wakaingia majini, wakamtupia Zaidi kamba, naye akaishika. Lakini kamba za mtumbwi zikakatika, nao watatu wakaponea katika kisiwa kidogo penye ukingo wa poromoko. Walikaa huko usiku kucha. Siku ya pili wenzao walikata mitamba ya msituni, wakaisuka kamba mpya, wakawavuta wote watatu hata nchi kavu.

Enyi mnaojiandaa kwa Ubatizo, mtazameni mtu yule juu ya jiwe. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Lakini nguvu zake zote hazikutosha kumfikisha ukingoni. Ndivyo alivyo mwanadamu katika dhambi ya asili. Aweza kuona ukingo. Aweza hata kuutamani na kulia. Lakini asipofikiwa na Mwingine aliye tayari kushuka majini, atakufa pale pale alipo. Ndiyo sababu Mwana wa Mungu hakusimama ukingoni na kuwapigia watu kelele wajitahidi. Alishuka.

SHANGA ZILIZOIBIWA

Habari haikuishia hapo. Chini ya mto, kabla ya kufika baharini, mna maporomoko mengine mengi. Huko safari ilikuwa ya mateso: watu walizama, njaa ilizidi, na chakula kilinunuliwa kwa shanga zilizokuwa zikipungua kila siku. Shanga zilikuwa fedha ya wote. Aliyeziiba alikuwa kama amewanyang'anya wenziwe chakula mikononi. Basi siku moja mwaka 1877 shanga zilionekana zimeibiwa. Mwizi alitafutwa, akapatikana. Alikuwa Uledi.

Watu wote walihuzunika. Uledi aliyeokoa wengi katika maji, Uledi wa Boyoma, ndiye mwizi! Wakakutanishwa, wakaulizwa atendewe nini. Wakubwa wa msafara hawakupenda kumhukumu mtu kama huyo, lakini wakasema kweli: kosa ni kosa, na aadhibiwe kwa fimbo kali.

Hapa mkatekumeni asimame kidogo na kufikiri. Kwa nini wema wote wa Uledi haukutosha kufuta wizi wake? Kwa sababu wema ulikuwa deni lake kwa wenziwe siku zote, na shanga zilikuwa zao hata hivyo. Wako watu vijijini wasemao, “Nimewasaidia wajane, nimejenga nyumba ya mkatekista, sikosi sala ya Dominika, kwa nini nisumbuliwe kwa ajili ya jambo lile moja?” Mtu wa namna hiyo huhesabu matendo mema kama malipo ya matendo mabaya. Lakini mwenye kumlisha jirani yake mwaka mzima na kumwibia siku moja, amekwisha kumwibia. Dhambi yahitaji msamaha, na msamaha haununuliwi.

Tena Uledi alijitetea akisema kwamba si yeye aliyeiba, ila shetani aliyemwingia moyoni. Maneno hayo husikika hata leo. Eklezya yafundisha kwamba shetani hushawishi, lakini hawezi kuulazimisha mkono wa mtu. Anayeungama vema hamleti shetani mbele ya Padri; hujileta mwenyewe.

WALIOSIMAMA MBELE

Basi Uledi alipokuwa akingoja fimbo, vijana wa mashua nao wakaulizwa neno lao. Ndugu yake Shumari akatoka mbele. Hakusema kwamba Uledi hana kosa; aliomba apewe yeye sehemu ya fimbo zile, kwa kuwa alimpenda ndugu yake. Kisha akatoka Saywa, binamu yake, akapiga magoti, akaomba adhabu ya Uledi imshukie yeye. Wale waliosikia wakaguswa moyo. Stanley akatoa hukumu: Uledi amehukumiwa kwa haki, lakini kwa kuwa Shumari na Saywa wamejitoa kuchukua adhabu yake, Uledi aachwe huru, nao pia wasamehewe. Naye Uledi akaahidi kuwa mwema.

Vijana hao hawakuwa wamefundishwa Katekisimo. Hata hivyo, tendo lao ni kama kivuli cha mti mkubwa. Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, afundisha kwamba Kristu mwenyewe alizichukua dhambi za watu katika mwili wake juu ya msalaba, na nabii Isaya alikuwa amekwisha kutabiri juu ya Mtumishi apigwaye kwa ajili ya makosa ya wengine. Lakini kivuli na mti si sawa. Shumari na Saywa walijitoa, wala hawakupigwa. Fimbo ziliwekwa chini. Yezu alijitoa, naye alipigwa kweli. Hakuna aliyeziweka chini fimbo za Pilato, wala misumari ya Golgota. Shumari alimpenda ndugu wa tumbo moja. Yezu aliwafia hata wale waliokuwa wakimpiga. Shumari aliomba sehemu. Yezu alichukua zote.

MTUMBWI WA WAKATEKUMENI

Tarehe 9 Agosti 1877 wasafiri walifika Boma, karibu na bahari. Katika watu zaidi ya 300 waliotoka Unguja, waliobaki walizidi mia kidogo tu. Wengine walikufa kwa ugonjwa, wengine kwa vita, wengine mtoni; wako pia waliotoroka njiani. Hakuna hata mmoja aliyefika peke yake.

Wakatekumeni wa kituo kimoja ni kama watu wa mtumbwi mmoja. Husafiri pamoja miezi na miaka mpaka maji ya Ubatizo. Yupo anayejifunza upesi, yupo mzee asiyeweza kusoma, yupo mama anayetembea mwendo mrefu na mtoto mgongoni. Na yupo aliyeanguka: ameiba, au amelewa, au amerudia desturi alizoahidi kuziacha, naye sasa aona haya kurudi darasani. Wenziwe hufanyaje? Wengine husimama ukingoni na kumtazama. Wengine hutangaza kosa lake sokoni. Heri yule aendaye nyumbani kwake jioni, bila kusema kwamba kosa si kosa, akaketi naye, akasali naye, akafuatana naye kwa mwalimu wa dini. Huyo amemwiga Shumari, tena amemwiga Kristu.

Katika Ituri fundisho hili ni zito kuliko mahali pengi. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilijaza makaburi Bunia na vijijini, na baada yake damu haikukoma kumwagika. Katika benchi moja la wakatekumeni huweza kuketi watu wa kabila hili na wa kabila lile, ambao baba zao waliwindana. Kusema “yaliyopita yamepita” hakutoshi, kwa maana waliokufa walikuwa watu, na haki yao yajulikana mbele ya Mungu. Wakubwa wa Uledi hawakuuita wizi kwa jina jingine. Na hao pia wasiyaite mauaji kwa jina jingine. Lakini kosa likiisha kutajwa, liko swali moja: ni nani atakayetoka mbele? Bwana Yezu, kama Mtakatifu Yohane aandikavyo katika sura ya 15, aliwafundisha mitume kwamba upendo mkubwa kupita wote ni wa mtu autoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Kisha yeye akaenda kuutoa.

AZIMIO

Juma hili kila mkatekumeni amtafute mwenziwe mmoja aliyeacha kufika darasani, amwendee mwenyewe bila kutuma mtu, na kumwombea Baba Yetu moja kila siku.

MAULIZO

1. Kwa nini Zaidi hakuweza kujiokoa mwenyewe? Hali yake yafanana na nini katika Katekisimo?

2. Wema wa Uledi uliweza kufuta kosa lake? Eleza.

3. Taja tofauti tatu kati ya tendo la Shumari na Saywa na tendo la Yezu msalabani.

4. Ni nani katika mtumbwi wako aliye juu ya jiwe leo?