Mnunuzi na Ufunguo

Mtu akinunua kitabu, muuzaji hamfuati nyumbani kumpangia taa ya kukisomea. Atakisoma kwa kandili, au kwa mwanga wa jua barazani, au kwa umeme siku uwapo. Biashara ilikwisha pale pesa zilipopokewa. Neno hili ni jepesi hata halionekani kutaka hoja. Lakini badala ya kitabu weka diski ya Blu-ray yenye filamu, na neno hilohilo hugeuka mgogoro wa kisheria.

Diski hizi ziliingia sokoni mwaka 2006. Tabaka moja la Blu-ray hubeba gigabaiti 25, ilhali la DVD hubeba 4.7 tu, na kwa hivyo picha yake ina uangavu ambao DVD haiwezi kuufikia. Aghalabu filamu iliyomo haikuandikwa waziwazi. Imefungwa kwa mfumo wa usimbaji uitwao AACS, na haionekani illa kwa mwenye ufunguo. Watengenezaji wa mashine za kuchezea hupewa funguo hizo kwa mkataba, na miongoni mwa masharti ni kuzificha. Ufunguo ukivuja, diski zitakazochapwa baadaye huja na amri ya kuukataa. Jambo hilo lilitokea mwaka 2007: funguo zilichopolewa katika programu za kompyuta, zikafutwa, na watu walionunua programu hizo kwa halali wakalazimika kutafuta toleo jipya ndipo waweze kutazama filamu mpya. Hawakuwa wameiba kitu.

Sasa iangaliwe VLC, ile programu ya kuchezea filamu na nyimbo yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, na mwaka 2001 ikatolewa kwa umma chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo humpa kila anayeipokea haki ya kuuona msimbo, yaani yale maandishi ambayo kwayo programu imejengwa, kuubadili, na kumgawia mwenziwe. Hapa ndipo fundo lilipo. Mkataba wa diski wataka siri. Leseni ya programu yaikataa. Ufunguo ukitiwa katika msimbo ulio wazi, utakuwa siri iliyopigiwa mbiu.

Chama cha VideoLAN, kinachoilea programu hiyo huko Ufaransa, kilishika njia ya kati. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2012, lilianza kusoma Blu-ray kwa majaribio, na toleo la 3.0 la mwaka 2018 likaongeza menyu za diski. Kazi ya kuielewa diski yafanywa na maktaba ya msimbo iitwayo libbluray. Kazi ya kufungua kufuli imetengwa kando, katika libaacs, nayo hutolewa bila ufunguo hata mmoja. Fundi amechonga mlango na komeo lake, akamwachia mwenye nyumba autafute ufunguo mwenyewe.

Je, huo ni uadilifu au ni ujanja? Wapo watakaosema ni unafiki: mtu ameunda ngalawa, akaiweka pwani, kisha akadai kuwa kafi si shughuli yake. Lawama hiyo ina uzito. Anayeumia kwa mpango huu si mjuzi wa kompyuta, kwani huyo atajua pa kuchungulia. Anayeumia ni mtu wa kawaida aliyenunua diski kwa pesa zake na asiyejua hata kama kuna kitu kiitwacho AACS. Lakini njia ya pili ilikuwa ipi? Kutia saini mkataba na kuifunika sehemu ya msimbo isionekane. Kwa kufanya hivyo chama kingelivunja ahadi yake kwa kila aliyeipokea programu, pamoja na wale wasiowahi kuigusa Blu-ray maishani mwao. Baina ya pengo linaloonekana na ufa uliopakwa chokaa, kilichagua pengo. Uchaguzi huo wastahili heshima, ingawa haumfungulii mnunuzi filamu yake.

Sheria nayo iliulizwa. VideoLAN ilipeleka swali kwa Hadopi, mamlaka ya Ufaransa ya wakati huo iliyoshughulikia haki za kazi za sanaa katika intaneti, na mwaka 2013 ikajibiwa kwamba iwaombe wenye kufuli maelezo yanayohitajika, na wakikataa irudi kushtaki. Sheria hiyohiyo ya Ufaransa huwaruhusu wenye kufuli kuzuia msimbo usitangazwe, mradi wathibitishe kwamba kuutangaza kungeudhuru vibaya usalama wa kufuli lenyewe. Almuradi, mwenye njaa alielekezwa kwa mwenye ghala.

Norwei ilikuwa imekwisha kujibu kwa namna nyingine, katika habari ya DVD. Jon Lech Johansen alikuwa na umri wa miaka 15 pale programu ya DeCSS, ya kuvunja kufuli la DVD, ilipotangazwa mwaka 1999. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ya Oslo ikamwachia huru, kisha mahakama ya rufani ikafanya vivyo hivyo mwaka uleule. Hoja ilikuwa wazi: aliyeinunua diski kwa halali ana haki ya kuitazama, hata kwa chombo ambacho muuzaji hakukikusudia.

Wapenzi wa ushairi wanakijua kitendo cha kufunga maana. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Ndivyo walivyosema wahenga. Mtunzi hufumba, lakini ufunguo huuacha mumo humo katika maneno, na jasho la kufikiri ndilo malipo. Mwenye kung'amua husifiwa barazani. Kufuli la diski limekwenda kinyume: mwerevu akiling'amua huitwa mhalifu, hata akiwa amelipa.

Haki ya msanii nayo haipuuziki, na pwani hii haina haja ya kufundishwa hilo. Ni waimbaji wangapi wa taarabu ambao kaseti zao zilinakiliwa na kuuzwa pasina wao kuonja senti? Hata hivyo, kunakili ili kuuza ni tendo moja, na kutazama ulichonunua ni tendo jingine, na kufuli halijui kuyatenganisha. Tena wezi hawakuchelewa. Funguo zilikuwa zikizagaa tangu mwaka ule wa 2007. Anayekabwa ni mwaminifu. Hata aliyelipia programu rasmi hakusalimika: uchezaji wa Blu-ray za daraja la juu zaidi katika kompyuta ulitegemea sehemu maalumu ya usalama ndani ya vichakato vya Intel, na Intel ilipoiondoa katika vichakato vyake vipya vya kompyuta za kawaida, aliyebadili kompyuta alijikuta na diski zake zilezile, halali zilezile, zisizofunguka.

Naye mwenye VLC hutia diski yake na kungoja. Programu humjibu kwa sentensi moja kavu kwamba faili la funguo za AACS halikuonekana. Faili hilo lipo mahali fulani. Walioijenga programu hawawezi kumwambia ni wapi.