Kaditama na Jina la Mwenyewe

Neno muhula lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo lina maana ya nafasi anayopewa mtu, aghalabu mdaiwa, kabla ya kutakiwa alipe. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimelichukua neno hilo kuipa jina sehemu ya mwaka wa masomo, na yamkini havikukusudia kumkumbusha yeyote deni. Hata hivyo deni limo, na anayelihisi zaidi ni mwanafunzi wa uzamili, muhula unapofika ukingoni.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza humaliza mitihani, wakafunga mizigo, na mabweni ya Mlimani, Dar es Salaam, yakapungua watu. Anayebaki ni yule wa uzamili. Ana tasnifu isiyokwisha, msimamizi asiyepatikana kwa urahisi, na ada itakayomrudia akivuka tarehe. Nyumbani yuko mzazi aliyeuza alichouza ili mwana asome. Katika hali hiyo kumaliza huwa lazima. Na palipo na lazima ndipo uadilifu unapotiwa majaribuni.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyekwenda Pemba kukusanya mashairi kwa bibi mmoja mtunzi. Bibi hakudai malipo. Alimkaribisha mgeni, akamtolea tungo zake ubeti baada ya ubeti, nyingine ambazo hata wanawe hawakupata kuzisikia. Alitaka jambo moja tu: yakishaandikwa, mwanafunzi arudi amsomee, apate kujua kama yameandikwa sawasawa. Mwanafunzi akaitika, na ahadi ni deni. Sasa imebaki wiki moja. Mashairi yamo katika kiambatisho cha tasnifu, na mtunzi wake ameitwa "Mtoataarifa wa Nne".

Jina hilo la namba halikuwekwa kwa ubaya. Kanuni za maadili ya utafiti huelekeza kwamba anayehojiwa alindwe, na kwa mgonjwa aliyesimulia maradhi yake, au mfanyakazi aliyemlalamikia mwajiri, ulinzi huo ni haki. Lakini mtunzi hakusema siri, ametunga. Mshairi wa pwani, afikapo kaditama, mara nyingi hujitaja, na pengine akautaja na mji wake. Neno kaditama lenyewe ni la Kiarabu, kwa maana ya "imekwisha timia", kana kwamba utungo haujatimia mpaka mwenyewe ajulikane. Mwanafunzi atakayeifuata kanuni bila ya kuitafakari itambidi alifunike jina lililomo katika ubeti wa mwisho. Hapo maadili yatakuwa yametumika kumpokonya mtu milki yake.

Wenye mashairi wanajua thamani ya jina kutajwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na diwani yake ikachapwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Katika miaka hiyo mia moja tungo zile ziliishi vifuani mwa watu, na mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmishonari W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika. Kila aliyezipokea aliweza kutaja au kunyamaza. Waliotaja ndio waliomwachia Muyaka jina lake. Mwalimu Sikujua mwenyewe hakubahatika kiasi hicho. Aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua, na leo wanaomjua ni wachache.

Itasemwa kwamba si haki kumtwika mwanafunzi maskini mzigo huu. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Pemba, ni bahari mbili na nauli mbili. Tena tasnifu isiyowasilishwa haimfai mtu, wala bibi haimfai. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau ni yule ambaye hakupata kuhesabu nauli. Lakini inachothibitisha ni kwamba mwanafunzi hawezi kulipa deni lote kwa wiki moja. Haithibitishi kwamba deni halipo. Mdaiwa asiye na kitu huomba muhula, hasemi kwamba hadaiwi.

Na yako yanayowezekana kabla ya tarehe. Simu ya mjukuu yatosha kumfikishia bibi mashairi yake, akasomewa jioni moja, akaulizwa kama aridhia kutajwa. Akiridhia, ridhaa yake iandikwe na msimamizi aarifiwe. Akikataa, afichwe, kwa kuwa sasa uamuzi ni wake. Kinachomzuia mwanafunzi, basi, huenda si umbali. Huenda ni khofu ya kusahihishwa: bibi aseme neno hili silo, na sura nzima iliyojengwa juu ya neno hilo iyumbe, siku tano kabla ya kuwasilisha.

Khofu hiyo ndiyo kiini cha swali. Tasnifu itasomwa na mtahini wa ndani na mtahini wa nje, na wote wawili hawakuisikia sauti ya bibi. Ajuaye kama ubeti umekosewa hana kiti katika mtihani huo, hana tarehe awezayo kuiweka, wala ada awezayo kuitoza. Chuo kitalipwa kwa wakati kwa sababu kinaweza kuadhibu. Bibi anaweza kungoja tu.

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto huambiwa amehitimu pale anapoukamilisha msahafu kwa kuusoma mbele ya mwalimu wake, na mwalimu ndiye anayemrekebisha anapoteleza. Chuo kikuu kimeliazima neno hilo hilo kwa ajili ya mwenye joho na cheti. Lakini kwa mashairi yale mwalimu alikuwa bibi wa Pemba, na alichokitaka tangu siku ya kwanza ni kusomewa.