Mikono ya mama haitoshi garini

Wajukuu zangu, hasa nyinyi akina mama mliofika hapa Katanika, karibu na Kalemie, mwaka 2017 mkikimbia vita vya Batwa na Waluba. Mlipita porini na mtoto mgongoni, kitenge kimekazwa kifuani, na mtoto akafika mzima. Leo nikisema mikono hiyo hiyo haiwezi kumshika mtoto ndani ya gari, naona mnavyonitazama. Lakini porini mlikwenda kwa miguu.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto wa kilo 10 umempakata, gari liko kilomita 50 kwa saa, linagonga lori na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kitambo hicho mtoto anakuponyoka kwa nguvu ya karibu kilo 140, yaani kama mifuko mitatu ya saruji ya Kabimba, na hakuna aliyekuonya ujiandae. Wala usijifunge naye kwa mkanda mmoja. Uzito wako ndio utakaomkandamiza kwenye mkanda.

Basi mtoto akae nyuma. Aliye mchanga awe na kiti chake, kimefungwa imara na mkanda wa gari, uso wake ukitazama nyuma ya gari, kwa sababu shingo yake bado haiwezi kubeba kichwa kinachorushwa mbele. Kisiwekwe kamwe kwenye kiti cha mbele penye puto la hewa. Puto likifumuka hukipiga mgongoni. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi hupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60 au zaidi. Najua sokoni kwetu havionekani. Lakini mwenye ndugu Dar es Salaam anayemtafutia gari, amwambie kiti kije pamoja nalo, kivuke Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kama gari lenyewe. Kilichowahi kuwa kwenye ajali msikipokee, hata cha bure.

Aliyekua kidogo avae mkanda, upite begani na kwenye nyonga. Ukimpita shingoni au tumboni, bado ni mfupi, anahitaji kiti cha kumwinua. Mama mjamzito, sehemu ya mkanda inayopita nyonga aishushe chini ya tumbo.

Magari yetu yaliyotoka Japani yana mikanda nyuma, ila imezama chini ya vitambaa vya viti. Ichimbueni! Na wewe dereva unayejivutia mkanda begani ukiwaona polisi wa rulaji, wale wa barabarani, kisha unauachia mbele kidogo, unamdanganya nani? Wakenya nao walinung'unika mwaka 2004, waziri John Michuki alipolazimisha mikanda kwenye matatu, magari yao ya abiria. Wenye magari waligoma, kisha wakaifunga.

Mtaniambia: babu, sisi hatuna gari, tunapanda pikipiki. Kweli, na hapo sina kiti cha kuwauzia. Ninachosema ni kwamba mtoto asikalishwe kwenye tangi mbele ya dereva, wala watu wanne wasipande moja. Kliniki ikiwa karibu, tembeeni. Ikiwa mbali, mama na mtoto wake tu, mwenye pikipiki aende polepole, na mkubwa avae kofia ngumu. Mnunulie na mtoto, kofia ya kichwa chake, si yako inayomzunguka.

Ziwa tunaliogopa. Meli ya Mutambala ilipozama Desemba 2014 na watu 129 wakafa, pwani nzima ililia. Lakini barabara ya kwenda Bendera inamchukua mmoja leo, mmoja mwezi ujao, nasi tunasema ni siku yake imefika.

Sasa msimu wa arusi unakuja. Msafara wa bibi arusi ukipita Katanika na watoto wamekaa madirishani wakipiga vigelegele, aliye karibu na dereva amwambie asimame, awashushe, wakae nyuma. Arusi itasubiri.