Tuwasikilize kabla ya kuwasahihisha

Kijana anayetoka Juba, Mogadishu au Bukavu kuja kusoma katika vyuo vikuu vya ukanda huu wetu wa Mlima Kenya, iwe Dedan Kimathi hapa Nyeri, Karatina, Chuka au Embu, huja na akili zake timamu. Hesabu anazijua, baiolojia anaijua. Ila wa Juba huenda alisomeshwa kwa Kiarabu na wa Bukavu kwa Kifaransa, na huku mihadhara, mitihani na ripoti za maabara ni Kiingereza kitupu. Basi hujikalia kimya viti vya nyuma, wenzake wakadhani hana la kusema.

Nyenzo za kumsaidia zipo, na nyingi hazina malipo. Kamusi za Oxford na Longman zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza hufafanua neno gumu kwa maneno mepesi na kuonyesha linavyotumika; zote mbili zinafunguka bure kwenye simu. BBC imefundisha Kiingereza tangu 1943. Sauti ya Amerika nayo ilianza mwaka 1959 kutangaza habari zilizosomwa polepole, kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Na kwa anayepambana na vitabu vya chuo, mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, uwe unasomea sheria au sayansi. Ukishika sita kila siku, muhula hauishi kabla hujazimaliza.

Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kufundisha lugha hii, naamini hakuna nyenzo inayomshinda mtu aliye tayari kusikiliza.

Jumamosi moja mwanafunzi kutoka Bukavu aliniletea ripoti yake ya maabara, imejaa mistari ya wino mwekundu bila neno la maelezo. "Mwalimu, naomba unisahihishie," akasema.

"Nisomee kwanza, mwanangu."

Akaanza kusoma kwa sauti. Kwenye sentensi ya tatu akasita, akairudia, akashika kalamu na kukibadilisha kitenzi kiwe cha wakati uliopita. Mbele kidogo akasita tena. Ukurasa ulipoisha, makosa mengi alikuwa ameyaona mwenyewe, na yaliyosalia tukayajadili. Kiingereza kile alikuwa nacho. Alikosa tu mtu wa kukisikiliza bila haraka na bila kumcheka.

Kicheko ndicho kinachowaziba vijana hawa midomo, na sisi wa huku Mlimani tunakijua vizuri. Ni wangapi kati yetu waliochekwa kwa kuchanganya "l" na "r", wakaambiwa wanashrub, wasiinue mkono tena darasani? Wangari Maathai aliingia shule ya bweni ya St. Cecilia's, katika misheni ya Mathari hapa Nyeri, akiwa na miaka 11. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 anasimulia jinsi mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivyovishwa beji ya aibu, na jioni akapewa adhabu. Anakubali kwamba njia hiyo iliwasaidia kujua Kiingereza, lakini anasema pia kwamba iliwafanya wazione lugha zao kuwa duni. Mwaka 1960 binti huyo wa Nyeri akawa mwanafunzi mgeni mwenyewe, katika chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas.

Aibu inaweza kufundisha, lakini anayeilipia ni mtoto, na hulipa kwa miaka mingi. Kwa hiyo nawaomba wahadhiri: chini ya ule mstari mwekundu, andikeni sentensi moja ya kueleza kosa liko wapi. Wanafunzi wenyeji, mkigawana kazi ya kikundi, msimpe mgeni kazi ya kuchapa tu. Mpeni sehemu ya kuwasilisha mbele ya darasa, na mfanye naye mazoezi usiku wa kuamkia siku hiyo. Na sisi wenye maduka, hosteli na matatu, mgeni akitafuta neno, tumngoje alipate.

Kiingereza hakikuwa cha babu zetu. Nasi tulifundishwa, wengi wetu kwa ukali. Tunaokumbuka uchungu wa somo lile ndio wenye wajibu wa kwanza wa kulifundisha kwa upole.