Nimechoka Kuwa Thawabu ya Watu

Tangu mguu wangu wa kulia ulipokatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari, watu wa Bigwa, hapa Morogoro, wamevuna thawabu nyingi kupitia kwangu. Kijana wa bodaboda hunishusha kutoka mlimani hadi barabarani, na nikitoa hela hukataa: “Acha, mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.” Kwenye haisi za mjini yuko kondakta mmoja ambaye huruka chini, hunishika kwapani, magongo huyapitisha dirishani, kisha huniketisha mbele. Nawaombea wote wawili. Mtume, kwa mapokezi ya Abu Huraira, amefundisha kwamba kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake ni sadaka. Badala ya ngamia weka haisi, hukumu ni ileile.

Ila mafundisho mengi humsemesha anayepandisha. Mimi ndiye ninayepandishwa, na nina swali: mtu aishije ikiwa safari yake ya kliniki inategemea mwingine kuamka na moyo wa kutafuta pepo?

Maana zipo asubuhi ambazo pepo haitafutwi. Magari yanayotoka Matombo, Mkuyuni na Kiroka hufika Bigwa yamejaa watu na mikungu ya ndizi. Haisi za hapa nazo zinakimbizana. Kondakta akiona magongo hupiga bodi la gari na kusema, “Inayofuata, babu!” Simwiti katili. Ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na muda wa kunipandisha mimi ni abiria waliochukuliwa na gari la nyuma.

Jirani yangu, mama Mkatoliki, alinikumbusha yule mgonjwa wa Bethzatha katika Injili ya Yohana: miaka 38 ya ugonjwa, hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijikokota mwenzake ameshamtangulia. Mama alikuwa anataka nifurahie muujiza. Mimi nilibaki na ile miaka 38. Sidhani kama wote waliomtangulia walikuwa waovu. Kila mmoja alikuwa mgonjwa mwenye haraka yake, na pale birikani hapakuwa na utaratibu wowote wa kumpa zamu asiyejiweza.

Utaratibu huo nimeuona kwa Khalifa Umar. Kadhi Abu Yusuf anasimulia katika Kitab al-Kharaj kwamba Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alimchukua nyumbani kwake akampa kitu. Hiyo ilikuwa sadaka. Kisha akatuma ujumbe kwa mtunza Baitul Mali, akaagiza mzee huyo na wenzake wa hali ile watazamwe kutoka hazina, kwa hoja kwamba si uadilifu kula kodi ya mtu akiwa kijana na kumtupa akizeeka. Hiyo ilikuwa haki. Umar hakuona kwamba ya kwanza inatosha kuziba pengo la ya pili.

Nchi yetu inaijua hoja hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikubali kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini dirisha la wazee la hospitali liko mjini, na mzee yuko mlimani. Katika nauli, anayepunguziwa ni mwanafunzi: mwaka 2023, nauli ya daladala ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipopandishwa hadi shilingi 600, yeye alibakishwa kwenye 200. Matokeo yake kila mzazi anayajua. Makondakta huwaacha watoto kituoni, kwa kuwa nafuu ile hutoka kwenye mfuko wa mwenye gari. Tukimshushia mzee nauli kwa mtindo huo, tutakuwa tumempa sababu ya pili ya kuachwa. Uingereza, ambako tangu 2008 wazee na wenye ulemavu hupanda mabasi ya kawaida bure kote England nje ya saa za msongamano, halmashauri ndizo zinazomfidia mwenye basi.

Imamu mmoja aliniuliza: kila kitu kikiwa sheria, sadaka itabaki wapi? Itabaki kwapani pangu, nilimjibu. Sheria itanilipia kiti, lakini mkono wa kuninyanyua haitauota. Tena wema mtupu una upendeleo wake. Yule kijana wa bodaboda ananikumbuka kwa sababu nilimfundisha. Bibi aliyepalilia maharage mteremkoni maisha yake yote, asiyemfundisha mtu herufi hata moja, nani atamkumbuka? Naye alilipa ushuru sokoni kila aliposhusha mzigo.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Manispaa ya Morogoro waanze na jambo dogo: siku za kliniki, halmashauri imlipe mwenye gari nauli ya mzee na ya mlemavu, na gari litakalowaacha liwajibishwe. Masheikh na mapadri wetu nao wahubiri hilo, wasiishie kuhimiza huruma. Mzee aliyelipa kodi ujanani anadai, na deni halilipwi kwa huruma.