Nani Aliyeituma Radi?



Kila masika sisi tukaao huku juu Ufipa twaijua radi. Nayo ikipiga, wengi hawaulizi imepigaje, bali nani ameituma.

Zamani nilipokuwa nikifundisha, radi iliwaua ng'ombe wa jirani yangu chini ya mti. Juma moja kabla, alikuwa amegombana na bibi mmoja mjane. Watu wakasema, "Si bure." Bibi yule akahama usiku. Nami, niliyewafundisha walimu kufikiri, nilinyamaza. Najuta hadi leo.

Jambo kutangulia jingine si kuwa chanzo chake. Jogoo huwika, ndipo jua likachomoza. Mchinje jogoo, na jua litachomoza vile vile. Tena tuhesabu kwa haki. Wangapi waligombana na bibi yule wasipatwe na neno? Wangapi wamepigwa na radi bila kugombana na mtu? Twakumbuka lililoafikiana na hofu yetu, mengine twayasahau.

"Mbona ng'ombe wangu, si wa mwingine?" Ng'ombe walikimbilia mti kwa sababu ya mvua. Radi ilipiga mti kwa sababu ndio uliokuwa mrefu katika nyasi tupu. Kila jambo lilikuwa na chanzo chake, yakakutana. Kukutana huko hakukupangwa na jirani yeyote.

Someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Bwana wetu aliuliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, akajibu kwamba sivyo. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Aliwaambia wasikilizaji wake watubu. Nasi msiba ututume kwenye toba, usitutume mlangoni kwa mjane.

Sheria ya nchi tangu 1928 yakataza kumsingizia mtu uchawi. Lakini Mkristo asingoje polisi. Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuanze kuutupa ulimini mwetu, kwa kuliacha lile neno "si bure".

Radi ikipiga tena, ndugu zangu, twendeni nyumba mbili siku ile ile: kwa aliyefiwa, tukalie naye, na kwa yule anayenong'onwa, tukaketi naye mchana, watu wote wakituona.

Bwana atusamehe kunyamaza kwetu. Amina.