Besi Yako, Usingizi wa Jirani



Vijana wengi hapa Bura siku hizi wananiuliza kuhusu wufa. Kuiunganisha si kazi ngumu. Zima stima kwanza, toa waya kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa SUB OUT, ingiza kwa wufa, halafu weka mpaka wa mawimbi karibu hezi 80: sauti za chini ya hapo ziende kwa wufa, za juu zibaki kwa spika ndogo. Pandisha sauti pole pole. Umemaliza.

Swali gumu ni lingine. Nikicheza nyimbo za sifa, ndani ya nyumba yangu, kwa stima niliyolipia, je, kuna mtu ninayemkosea?

Wengine watasema hapana, maana hata Zaburi 150 inataja ngoma na matoazi. Sawa. Lakini tuielewe besi. Sauti nyembamba ikigonga ukuta, nyingi huishia hapo. Besi haiishii. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa kama mita nane na nusu, kuliko chumba cha kupanga chenyewe. Linapita ukuta na kutikisa mabati. Kwa hivyo jirani hasikii maneno ya wimbo. Ujumbe unabaki kwako, yeye anapata mtetemo peke yake. Hapo usiseme unamhubiria.

Nikisomea biashara tulifundishwa kwamba bei ya kitu si ile ya dukani tu. Kuna gharama inayomwangukia mtu ambaye hakununua. Mama wa chumba cha pili, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kukata mkonge Mwatate, analipia wufa yako kwa usingizi wake. Na hakuna aliyemuuliza.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataja pia mtetemo uliozidi, na nyumba za ibada zimo. Lakini Mithali 27:14 ilitangulia NEMA: hata baraka, ukimpigia mwenzako kelele nayo alfajiri, yaweza kuhesabiwa laana. Baraka haina kosa. Kosa ni saa na sauti.

Basi jibu langu ni ndiyo, waweza kumkosea. Daudi alipopewa bure kiwanja cha Arauna alikataa, akakinunua, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Sifa zangu zikigharamiwa na usingizi wa mwingine, nimetoa sadaka ya nani?

Wiki hii, mwenye wufa aiondoe kwenye ukuta wa pamoja, aweke kipande cha godoro chini yake, na ikifika saa tatu usiku aizime, spika ndogo zinatosha. Halafu abishe hodi kwa jirani aulize, "Inakufikia?" Ukiwa umeketi kwako huwezi kujua. Jibu liko upande wa pili wa ukuta.